NYUMBA NA WENYEWE: Sanduku Lisilofungika



Wasomaji wetu wapenzi, wake kwa waume, na khasa nyinyi vijana: mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulifanyia mzaha, nalo ni wingi wa nguo na vitambaa vilivyolundikana majumbani mwetu. Ni nyumba chache za Waislamu, pwani hata bara, zisizokuwa na sanduku la kanga. Na katika nyumba ya fundi wa cherehani sanduku hilo huwa na wenzake: magunia ya vipande, majora yaliyokatwa nusu, na vifurushi chini ya kitanda. Wengi hudhani kuwa hilo ni jambo la nafasi tu. Sanduku halifungiki, basi linunuliwe jingine. Sisi twasema kuwa ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la nafasi. Na hayo hatukuyasoma kitabuni, tumefunzwa na msiba.

Yaliyotukuta Arash

Mwaka jana, katika miezi ya kipupwe, alifariki shangazi yangu huko Arash, wilaya ya Ngorongoro, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mzaliwa wa Pangani aliyeolewa na mfanyabiashara, akahamia katika nchi ile ya Wamasai yenye upepo na baridi, ambako Waislamu ni wachache na maduka ya nguo ni machache zaidi. Mumewe alipotangulia mbele ya haki, yeye alibaki na cherehani yake ya kukanyaga, na kwa hiyo akailea nyumba yake. Aliwashonea majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu: sare za shule, magauni, kanzu za Idi na mapindo ya kanga.

Nilitoka Karatu kwenda mazikoni, nikakaa huko siku kadhaa. Siku ya nne wakubwa walisema: "Fungueni masanduku, nguo za marehemu zitolewe sadaka, apate thawabu." Sote tuliona ni shauri jema. Tukafungua masanduku matatu ya bati na magunia mawili, na chumba kikajaa hata pasipatikane mahali pa kuweka mguu. Palikuwa na kanga doti 41, nyingi zingali zimeshikana pande mbili kama zilivyotoka dukani, hazijakatwa wala kupindwa. Palikuwa na majora mawili ya kitambaa cha magauni. Palikuwa na vipande vya kila rangi, vidogo kwa vikubwa, vimefungwa kwa matambara. Na chini kabisa palikuwa na vifurushi 17, kila kimoja na kitambaa chake kizima. Vingine vina karatasi ya jina iliyofutika kwa unyevu, vingine havina hata alama.

Tukaanza kupanga. Wakati huo akaingia mama mmoja wa Kimasai, jirani, amekuja kutupa pole. Akaketi, akanywa chai. Macho yake yakaangukia kitambaa cha buluu kilichokuwa juu ya rundo, akakitazama kitambo, akanyamaza. Nikamwuliza:

"Mama, wakijua kitambaa hiki?"

Akajibu kwa upole: "Ni cha sketi ya binti yangu, ya shule. Nilikileta mwaka juzi."

"Mbona hukuja kukidai?"

"Nilikuja. Akaniambia nije siku ya mnada. Nikaja tena. Kisha akaugua, na mgonjwa hadaiwi, mwanangu."

"Na mtoto akavaa nini?"

"Alianza shule na sketi ya kuazima."

Hakusema zaidi, wala hakulaumu. Lakini sisi tuliokuwapo tuliona haya kubwa; kwani rundo lile ambalo kitambaa chake kilikuwa juu yake, ndilo tulilokwisha kulitenga kuwa ni la sadaka. Tulikuwa twataka kumpelekea marehemu wetu thawabu kwa mali ya mtoto wa jirani, na mtoto mwenyewe alikwisha kupata taabu kwa kuikosa!

Sababu ya kulundika

Asije mtu akamcheka marehemu, wala akasema kuwa alikuwa mwanamke mwenye tamaa. Wingi wa nguo una sababu zake, na asiyezijua sababu hawezi kutoa dawa.

Kwanza, kanga kwa mwanamke wetu ni akiba. Ni mali yake mwenyewe, haiozi upesi, huweza kuuzwa siku ya dhiki, na ina kazi tangu uzazi hata mauti: humpokea mtoto, humbeba mgongoni, humtunza bi harusi, humfunika maiti.

Pili, liko kumbukumbu la ukosefu. Vijana wa leo wanaokuta nguo kila soko hawajui hali ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, pamoja na viwanda vingine, havikuweza kuitosheleza nchi. Watu walipanga foleni kwa ajili ya nguo kama walivyopanga kwa ajili ya sukari na sabuni; na 1983, katika vita dhidi ya uhujumu uchumi, hata mwenye akiba ya halali aliogopa kuonekana nayo. Mlango wa biashara ulianza kulegezwa 1984, lakini khofu haikutoka mioyoni kwa amri. Shangazi yangu alikuwa mtoto mdogo wakati huo, akisimama folenini na mama yake. Hata alipokuwa mtu mzima, kila alipoona kanga nzuri, moyo wake ulimwambia: nunua leo, kesho huenda isiwepo.

Tatu, na hili ni la mafundi, ni kupokea kazi nyingi kuliko mikono. Fundi huona vigumu kumwambia mteja "Siwezi." Basi hupokea, hupokea ujira pia, na kitambaa hushuka chini ya sanduku siku baada ya siku, mpaka mwenyewe akasahau.

Sababu mbili za kwanza zaweza kusameheka, maadamu mtu hakuvuka mpaka akaingia katika israfu iliyokatazwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, wala hakuingia katika yale mashindano ya wingi ambayo Surat At-Takathur yatuonya. Ama sababu ya tatu, hiyo yagusa haki ya mtu mwingine. Nayo haisameheki mpaka asamehe mwenyewe.

Mafungu manne

Tulipozinduka tuliyaondoa yote tuliyokuwa tumeyapanga, tukaanza upya. Safari hii hatukupanga kwa rangi wala kwa uzuri, bali kwa kuuliza juu ya kila kitambaa: hiki ni cha nani? Twawashauri wasomaji wafanye hivyo hivyo nyumbani mwao, nao watapata mafungu manne.

Fungu la kwanza ni amana, yaani vitambaa vya watu. Hivi si mali ya nyumba hata vikikaa miaka kumi. Kurudisha amana kwa wenyewe ni amri iliyo wazi katika Surat An-Nisaa, aya ya 58. Katika vile vifurushi 17, tulipata wenyewe wa vifurushi 14 kwa kuuliza majirani, kwa kupiga simu, na kwa kutangaza siku ya mnada. Vitano kati yake ujira ulikwisha kulipwa. Basi ikawa ni deni juu ya marehemu, na warithi wakamlipa fundi mwingine avishone. Vitatu havikupata wenyewe hata leo. Hivyo havikutolewa wala kutumiwa; vimewekwa mbali na mali ya nyumba, vimeandikwa, na shauri lake limepelekwa kwa mwenye elimu.

Fungu la pili ni mali ya biashara, yaani nguo zilizonunuliwa ili ziuzwe, au vitambaa vilivyonunuliwa ili vishonwe na kuuzwa. Hapa pana mambo mawili ambayo akina mama wengi wafanyao biashara ndogo nyumbani huyasahau. La kwanza ni zaka. Kanga ambazo mtu ameziweka azivae hazina zaka, hata zikiwa nyingi. Lakini zile alizoziweka kwa nia ya kuziuza ni bidhaa, nazo zikifikia kiwango cha nisabu na kupitiwa na mwaka, hukadiriwa thamani yake na kutolewa zaka asilimia mbili na nusu. Basi mwenye kuzichanganya zote katika sanduku moja, atajuaje anachodaiwa na Mola wake? La pili ni deni la dukani. Sisi tulikuta kwamba yale majora mawili yalichukuliwa kwa mkopo kutoka duka moja, na bei yake ilikuwa haijalipwa.

Fungu la tatu ni nguo za mwenyewe, za kuvaa na za akiba. Katika hizi mtu ana hiari yake. Na hapa twataka kuwaambia waume neno: sanduku la mke ni la mke. Mahari aliyonunulia kanga, zawadi alizotunzwa, na nguo alizojinunulia kwa jasho lake ni milki yake. Mume aliyechoshwa na masanduku aweza kunasihi na kushauri, lakini hana ruhusa ya kuchukua hata doti moja akampa dada yake, wala kuitoa sadaka kwa jina lake. Thawabu haipatikani kwa mali ya mwingine.

Fungu la nne ni vipande, na juu ya hivi pana swali ambalo mafundi wengi hawataki kuulizwa: kitambaa kinachobaki baada ya kushona ni cha nani? Mteja akileta mita tatu, na gauni likachukua mbili na nusu, ile nusu mita iliyobaki ni yake yeye aliyeinunua, wala haiwi ya fundi kwa sababu tu imebaki mezani kwake. Ila mteja akiiacha kwa ridhaa yake, au ikiwa ni desturi ya mahali hapo, inayojulikana na pande zote mbili, kwamba vipande vidogo huachiwa fundi. Njia iliyo salama ni fepesi mno. Fundi na ayafunge mabaki pamoja na nguo, amwambie mteja: "Haya ni mabaki yako, wayachukua au waniachia?" Ni neno moja tu, na baada yake moyo hutulia. Sisi tuliwauliza wale tuliowarudishia vitambaa vyao, na karibu wote walisema, "Tumemwachia, Mungu amrehemu." Yule mama wa Kimasai naye alisema hivyo hivyo. Akachukua kitambaa chake cha buluu na kusema kwamba atakivaa mdogo wake yule binti.

Nguo za marehemu

Hapa pana kosa tulilokaribia kulifanya, nalo hufanywa katika nyumba nyingi za Waislamu kwa nia njema kabisa. Mtu akifa, nguo zake hugawiwa mara moja: hii kwa jirani, hii kwa shoga, hii kwa aliyeosha maiti. Lakini tangu roho ilipotoka, nguo zile si zake tena, ni tarika. Kutokana na tarika hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha ndipo warithi wagawane. Deni si jambo dogo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni lisilo na malipo, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba deni lile.

Shangazi yangu hakuacha mume wala wazazi. Aliacha wana wawili wa kiume, watu wazima, na binti mmoja wa miaka 12. Basi ule mgawo wa sadaka tuliokuwa tumeupanga ulikuwa pia wachukua mali ya yatima aliye katika chumba cha pili akilia, ambaye hata ridhaa yake haisihi kwa kuwa hajabaleghe. Tulimwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Hesabu ilikuwa hivi. Majora mawili yalirudishwa dukani, na mwenye duka akakubali yale ambayo hayajakatwa. Kiasi kilichosalia kililipwa kwa kuuza kanga doti 11. Zikabaki doti 30. Kwa wana wawili na binti mmoja mali hugawanywa mafungu matano: kila mwana mafungu mawili, na binti fungu moja. Basi zikapangwa kwa thamani zilizolingana, kila kijana akapata doti 12, na binti doti 6. Za binti zimeandikwa na kuwekwa mpaka akue. Ndipo wale vijana, kwa hiari yao na katika mafungu yao wenyewe, wakatoa doti kadhaa kwa ajili ya mama yao, na ya kwanza ikaenda kwa mwanamke aliyejifungua wiki ile katika baridi ile. Hiyo ndiyo sadaka ya kweli.

Kazi ya vipande

Vikabaki vipande vilivyosamehewa, gunia zima na nusu. Wako walioshauri vichomwe. Lakini tukumbuke kwamba kanga yenyewe, vazi hili la fahari, yasimuliwa kuwa ilizaliwa kwa kuunga vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuja katika jora, wakazikata sita sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Baadaye wafanyabiashara walileta kitambaa kilichopigwa chapa kizima. Na mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zajulikana kwa "Mali ya Abdulla", lilianza tangu 1887. Lakini mwanzo wake ulikuwa ni sindano na uzi.

Tena huko India, katika jimbo la Karnataka, wako watu waitwao Siddi, ambao asili yao ni Afrika. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka kwa nguo kuukuu, nayo huitwa kavandi. Huanzia pembeni, wakizunguka kuelekea katikati, na kushona tabaka zote pamoja kwa mkono. Kisha katika pembe hutia vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Watu hao walichukuliwa kutoka bara letu zamani sana, wengi wao utumwani, na leo wafunika watoto wao kwa vitu ambavyo sisi twavitupa.

Yule binti alitaka kujifunza cherehani ya mama yake, nasi tukamwanzishia kwa mfarishi wa mtoto. Namna yake ni hii. Vipande vyote vifuliwe kwanza, kwani pamba mpya hurudi ikifuliwa, na rangi nyekundu yaweza kuchuja. Vichaguliwe vya uzito mmoja. Kipande kizito hukipasua chepesi. Vikatwe miraba ya sentimita 22, kiasi cha shubiri moja, na kila upande uachiwe sentimita moja ya mshono. Miraba 30, mitano kwa upana na sita kwa urefu, hutoa uso wa mita moja kwa mita moja na sentimita 20. Chini huwekwa kanga kuukuu, katikati blanketi lililochakaa, kisha tabaka tatu hupigwa bandi pamoja ili zisitembee, na ukingo hupindwa. Kazi hiyo haihitaji kununuliwa kitu ila uzi. Katika nyumba za Arash, ambako usiku wa Julai humtetemesha mtu mzima, hicho si kitu cha mapambo.

Kuhifadhi kinachobaki

Kwa nguo ambazo mtu amezibakisha kwa haki, twatoa nasaha chache. Zisiwekwe zikiwa na kanji, maana mende hufuata kanji. Zikauke kabisa kabla ya kukunjwa, na kila baada ya miezi michache zitolewe zipigwe na upepo, na mikunjo ibadilishwe ili zisikatike. Karafuu maiti ifungwe katika kitambaa, isigusane na nguo, na iwe mbali na watoto. Na juu ya kila sanduku iwekwe karatasi inayoonyesha kilichomo, ili mtu asinunue alicho nacho.

Ama fundi, na awe na daftari: jina la mteja, kitambaa na urefu wake, ujira uliopokewa, na siku ya ahadi. Kila kifurushi kishonewe kibandiko cha kitambaa chenye jina, kwani karatasi hufutika. Na kazi ikizidi nguvu, aseme "Siwezi kwa sasa." Neno hilo ni chungu siku moja, ahadi isiyotimizwa ni chungu mpaka Kiyama.

Ndugu zangu, vile vifurushi vitatu vya Arash vingali rafuni. Aliyevijua wenyewe amelala kaburini, wala hakuna wa kumwuliza. Basi wewe uliye hai, fungua sanduku lako usiku huu kabla hujalala. Usianze kwa kukunja. Chukua kalamu, na andika juu ya kila kitambaa jina la mwenyewe, maadamu bado walikumbuka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kurudisha amana za watu tungali hai, na amrehemu marehemu wetu pamoja na marehemu wote wa Kiislamu. Amin.